Mpishi Aliyeutaka Ugonjwa wa Ngano

Nasaba ya jirani yangu Mpishi sitaitaja hapa. Si kwamba siijui. Naijua kuliko yangu, maana kila palipokuwa na sufuria ya kungojewa iive, yeye aliianza tangu Omani, babu kwa babu, mpaka akajifikia mwenyewe, na kama nyama bado ngumu alirudi mwanzo. Sisi tuliopakana naye ukuta pale Miburani tuliisikia hata tukaweza kumsahihisha akiruka babu mmoja. Tuiache ipumzike, imefanya kazi sana.

Jina lake nalo hakuna aliyelitumia. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Mpishi, na binti yake akisema "baba" ujue anaomba kitu. Alipika harusi, maulidi, hitima na Idi, na hakuna aliyethubutu kuoza binti Miburani bila kwanza kumuuliza Mpishi kama siku hiyo ana nafasi. Alipika pilau, alipika biriani, lakini hayo aliyaita kazi. Lake lilikuwa bokoboko, ngano na nyama vilivyochemka pamoja mpaka visijuane, kisha vikapondwa kwa mwiko mrefu kama kasia, samli ikamiminwa juu. "Bokoboko halipikwi," alituambia, "linapigwa." Akamsimamisha kijana mmoja upande huu na mwingine upande ule, yeye katikati akiwatukana kwa adabu. Aliyelalamika kuchoka aliambiwa mwenye haraka akale biskuti.

Jambo lililomshangaza kila mgeni ni wembamba wake. Mtu anayelisha mtaa mzima, na mwenyewe ufito! Kanzu ilimkalia kama imeanikwa. Wengine walisema ana chango, wengine husuda, na shangazi yangu, ambaye hakuwahi kumsamehe kwa kumpa ukoko kwenye harusi ya mwanawe, alisema ni roho yake ndiyo inayomla. Mie nilisema mganga hajigangi, nikaona nimesema la maana.

Tumbo lake lilikuwa habari nyingine. Choo chao na chetu vilitenganishwa na ukuta wa matofali tu, na baada ya kila shughuli tulimsikia upande wa pili akiita "Ya Latif, ya Latif" kwa sauti ya mtu anayezama. Akitoka, anajifuta jasho, ananikuta naanika nguo, nami namwamkia. "Shikamoo Mpishi." "Marahaba mwanangu." Kisha ananieleza, bila mie kuuliza, kwamba tumbo la kiungwana halikai na kila kitu. Tumbo la mtu wa hivi hivi, alisema, unalitupia chochote likanyamaza, lakini la kwake lina asili, linachagua. Nikamuuliza mbona basi linachagua kukataa bokoboko lake mwenyewe. Hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kumbe dalili zilikuwa mbele ya macho yetu, na sisi tunazikodolea kama kuku. Kila alipokwenda Bweni kwa wakwe wa binti yake, alirudi ana mashavu. Kule ni wavuvi na wakulima wa minazi, barabara yenyewe unafika mifupa imehama, na unga wa ngano hawana habari nao. Walimlisha wali, muhogo wa nazi na samaki, asubuhi mpaka usiku. Alirudi amenawiri, choo hakiitiwi Mungu wiki nzima, naye akatangaza kwamba upepo wa Bweni ni dawa. Tukamwamini. Mie mwenyewe nilimpeleka mama yangu Bweni akapate upepo, akarudi na mafua.

Alikuwa na mambo yaliyopingana, kama sisi sote, ila yake yalionekana kwa mbali. Ng'ombe dume alimchinja huku akikuuliza habari za watoto, lakini sindano ilimtoa roho. Siku walipokuja kuchanja mtaani alipanda juu ya mnazi, mtu mzima na kanzu yake, akasema anaangua madafu. Mkwewe, yule mvuvi wa Bweni aliyemwoa binti yake, Mpishi alimdharau kwa kuwa hana nasaba, yaani hajui jina la babu wa babu yake. Lakini samaki wa yule yule mkwe aliwala mpaka miba. Mkwe akikaa dago, kambi ya wavuvi, na wenziwe, miezi baharini, mke na mtoto walibaki kwa Mpishi, na hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Mtoto huyo, mjukuu wake wa pekee, alizaliwa donge la nyama. Nilimwogesha mie. Alipoanza kula ndipo alipoanza kupungua. Babu alimlisha mkate uliolowekwa chai, uji wa ngano, tambi za sukari, biskuti kila mfuko. Tumbo likawa ngoma, miguu njiti, nywele zikapoteza rangi. Wenziwe walipokwenda chuoni kusoma juzuu, yeye bado akibebwa mgongoni. Akapewa dawa za minyoo, akapewa tena. Tukaambiwa mtoto anahitaji chakula, na ukimwambia Mpishi mtu anahitaji chakula umeiambia mvua inyeshe. Akaongeza. Nikimwambia mtoto hataki, alinijibu kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Mwisho mkwe alirudi kutoka dago, akamwangalia mwanawe, hakuuliza mtu. Alimchukua mtoto, yeye na mkewe wakavuka bahari mpaka Nyamisati, wakaenda Dar. Huko walimkuta daktari mmoja wa kike aliyekuwa akichunguza hasa maradhi ya jinsi hiyo. Akampima mtoto damu, akampitisha mpira wenye kamera mpaka kwenye utumbo. Ugonjwa wenyewe aliuita seliaki. Aliwaeleza kwamba ndani ya utumbo mna vinyweleo kama vya zulia jipya, ndivyo vinavyofyonza chakula, na vya mtoto huyu vimelala kama zulia la mlangoni. Mwili wake unaichukulia ngano kama adui, na katika kupigana nayo unajiumiza wenyewe. Dawa ya kumeza hamna. Dawa ni kuacha ngano na shayiri, isiingie hata punje, maisha yake yote. Wasipoacha, hatakua, na kwa hali aliyofika, huenda asiishi.

Binti alipotuletea habari hizo Mpishi alicheka kwanza. Kisha akakasirika. Ngano? Ngano iliyowalea mababu zake, ngano iliyopanda jahazi pamoja nao? Akasema daktari huyo ni mtu wa bara, kakulia ndizi, ngano ataijulia wapi. Akaendelea hivyo mpaka binti akafikia pale ambapo daktari alisema ugonjwa huu hufuata damu, hurithiwa katika ukoo. Hapo nilimwona Mpishi masikio yanasimama.

"Hurithiwa?" akauliza. "Kwa upande upi?"

Daktari alikuja mwenyewe, baada ya muda si mrefu. Utafiti wake ulikuwa juu ya namna ugonjwa unavyopita katika ukoo, akaomba damu ya ndugu waliokubali kwa hiari yao. Alikaa kwenye baraza ya Mpishi, mpole, miwani puani, tukamtundikia kanga iwe pazia. Akaeleza polepole. Kuna vipimo viwili, alisema. Kimoja kinatafuta mbegu ya kurithi, cha pili kinaangalia kama mwili umeshaanza kugombana na ngano. Mbegu wanayo watu wengi, na wengi wao wataishi na kufa hawajui habari yake. Wagonjwa ni wachache. Mpishi akamuuliza mbegu hiyo ni ya watu gani. Akajibu kwamba imezoeleka sana kwa watu ambao wazee wao walikula ngano tangu zamani, nchi za Waarabu zimo, ila asidhani ni wao tu, kwani mbegu hii imeenea kwa watu wa kila namna. Mpishi alisikia mpaka neno "Waarabu". Yaliyofuata yalimpita kama bodaboda.

Ijumaa hiyo, watu wanatoka msikitini, alitangaza kwamba hospitali imekubali. Yale aliyoyasema miaka yote wakamcheka, sasa yamo kwenye damu, na daktari kaja kuyachota.

Loo, Miburani! Mie nimeishi nikaona watu wakijificha wasijulikane wana maradhi. Siku ile niliona watu wanapigania kuumwa. Kila aliyewahi kuambiwa na bibi yake kwamba wao nao ni Waarabu alikuja na tumbo lake. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeapa kwamba chapati akiiona tu anatapika, na sambusa ilikuwa imefungwa kwenye pembe ya kanga yake, mafuta yanatoka. Na kulikuwa na Binamu. Huyu ni mtoto wa ami yake Mpishi, ana duka Kilindoni, na kwa maisha yao yote wawili hawa wamebishana nani kati yao yuko karibu zaidi na Omani. Alishuka kwenye bodaboda ameinama, kashika tumbo. Mpishi akamuuliza limemwanza lini. Binamu akasema tangu utotoni, ila yeye si mtu wa kulalamika.

Daktari wa watu alichanganyikiwa. Aliwaambia ugonjwa huu si cheo. Wakaitikia ndiyo, ndiyo, wakajipanga. Mkwe wa Bweni alikuwa kakaa pembeni anapara samaki, na daktari akamwita yeye kwanza, kwa sababu ndiye baba wa mtoto. Watu wakaguna. Mpishi akamnong'oneza daktari kwamba huyo hana haja ya kupimwa, ni mtu wa pwani ya Bweni tu. Daktari akampima. Zamu ya Mpishi mwenyewe ilipofika, akakumbuka ana sufuria motoni. Sufuria hiyo hakuna aliyeiona.

Majibu yaliletwa baadaye, na daktari alimwita kila mtu peke yake nyuma ya kanga, amwambie yake. Lakini kanga haizuii maneno, na Binamu mwenyewe hakungoja yavuje. Alitoka akiuliza kwa sauti kama chupa haikubadilishwa. Hana ugonjwa, hana mbegu, hana hata alama. Na mkwe, mpara samaki, asiyejua babu wa babu yake, akatoka akijikuna kichwa, akatuambia ati mbegu anayo. Mkewe naye anayo. Mtoto angeweza kuirithi kwa yeyote kati yao, au kwa wote wawili. Mie nilicheka mpaka nikakaa chini. Mpishi akatoa hukumu yake: mbegu basi si kitu, imetupwa ovyo kama mbegu za mapapai. Chenye maana ni ugonjwa wenyewe. Daktari akirudi, atajikaza, atatoa damu, na huo ugonjwa ataupata yeye.

Tungeishia kwenye kucheka, lakini ikaja Idi.

Mtoto wakati huo alikuwa hajala ngano miezi kadhaa. Mama yake alimkalia macho. Alikuwa ameanza kukimbia, ana matusi madogo madogo, mashavu yamerudi, na alikuwa amenivunjia mtungi nikafurahi. Sasa nyumbani kwa Mpishi ilikuwepo desturi ya mwiko. Asubuhi ya Idi, bokoboko likishaiva, kabla sahani moja haijatoka kwenda kwa jirani, watoto wa nyumba hupanga mstari na kila mmoja hulamba mwiko. Wakubwa waliolamba mwiko huo walikuwa bado wanalitaja jambo hilo kwa fahari. Asiyelamba si wa nyumba hiyo. Ndivyo alivyotuambia Mpishi, na ndivyo alivyoambiwa.

Mama mtu alikuwa ndani anavaa. Watoto wa ndugu wakapita, mmoja mmoja. Mjukuu akasimama wa mwisho, na gauni lake jipya, akamwangalia babu yake. Mpishi aliniambia baadaye kwamba aliweza kila kitu duniani ila kumwambia mtoto yule "wewe, hapana". Akachovya ncha ya kidole, akampaka ulimini. Kidogo tu. Ya baraka. Baraka haidhuru mtu.

Kabla ya alasiri mtoto alikuwa anatapika. Siku iliyofuata hakuweza kusimama. Tulimpeleka hospitali na gauni lile lile la Idi, wakamtundikia maji, nami nikatoka nje nikamkuta Mpishi kachuchumaa ukutani, mikono yake bado ina samli kwenye kucha. Sikumwonea huruma. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mie sikutaka methali siku ile.

"Mpishi," nikamwambia, "unamuua mtoto kwa mkono wako."

Aliiangalia mikono yake tu. Tulikaa pale mpaka mwadhini alipoadhini magharibi, na hakunitajia babu hata mmoja.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Aliyebadilika ni mzee. Siku waliporudi nyumbani alibeba sufuria kubwa, mwiko, vinu na magunia ya ngano, akavihamishia vyote uani kwangu, bila kuniomba. Nikauliza hii ni nini. Akasema kule ndani haingii tena hata vumbi lake. Watu wakitaka bokoboko atawapikia, kazi ni kazi, lakini atapikia kwangu. Na kwa kuwa daktari alisema hata punje, akimaliza kupika alioga hapo hapo uani, akavaa kikoi safi, akaenda kwake kanzu ameiacha kwenye kamba yangu. Mie ni mjane. Mwanamume anatoka uani kwangu kila Jumamosi na kikoi, kichwa kinachuruzika maji! Shangazi yangu alikuja kuniuliza ndoa ilifungwa lini.

Naye akaapa kwamba asichokula mjukuu wake yeye pia hali. Hata kuonja aliacha, akawa anampa kijana mmojawapo wa kupiga mwiko amwonjee chumvi, kisha anabishana na ulimi wa mwenziwe. Wali, muhogo, samaki, mkate wa kumimina wa unga wa mchele. Baada ya muda, jamani, Mpishi akanenepa! Ufito ukawa mnazi. Kanzu ikambana, akaenda kwa fundi kuiongeza nguo ubavuni. Upande wa pili wa ukuta wa choo pakawa kimya, hata nikapata wasiwasi nikamgongea kumuuliza kama yu hai. Nikamwambia, Mpishi, huoni? Ni ngano ilikuwa inakumaliza na wewe. Akasema hapana, ni toba.

Nikahamia Kilindoni kwa mwanangu, tukawa hatuonani sana. Mara ya mwisho nilipopita Miburani ilikuwa siku ambayo daktari yule amerudi na chupa zake, kuwaangalia tena wale aliowapima. Baraza ilijaa kama zamani. Mpishi alikuwa kwenye kiti cha mbele, amekunja mkono wa kanzu mpaka begani, macho kayafumba, pembe ya kikoi kaing'ata kwa meno ya mbele. Hajaguswa bado. Binamu alikuwepo, hakuja kupimwa, amekuja kushuhudia.

Daktari akamwamkia, akamuuliza kwa upole siku hizi anakula nini. Mpishi akatoa kikoi mdomoni akamtajia. Ngano je? Hata punje, tangu ile Idi. Daktari akaiweka sindano chini. Akamweleza kwamba basi kipimo hakitaona kitu. Mwili usipokutana na ngano muda mrefu husahau ule ugomvi, na damu ikapimwa inaonekana safi. Mbegu angeweza kuitafuta. Lakini kama anataka kujua kwa hakika kuwa anao ugonjwa wenyewe, itabidi arudie kula mkate kila siku, wiki kadhaa, ndipo ampime. Hamlazimishi, alisema. Kwa afya anayoiona, afadhali aendelee hivyo hivyo.

Binamu akacheka kwa pua. Akasema wiki kadhaa si kitu, hata yeye atamletea mkate kutoka dukani kwake, bure, tujue moja. Watu wakamgeukia Mpishi. Mie namjua: hicho ndicho kitu alichokitaka duniani, kithibitishwe mbele ya huyo huyo, na sasa kilikuwa mkono mmoja tu mbele yake.

Mjukuu alikuwa ametoka chuoni, ushungi umekaa upande, amesimama mlangoni na juzuu kifuani. Mrefu siku hizi. Alikuwa amesikia neno mkate.

"Babu," akasema, "ukianza kula mkate, mie nitakula na nani?"

Wawili hao, kwa yule asiyejua, walikula sinia moja. Wengine wa nyumba walikula sinia yao.

Mpishi akaanza kukunjua mkono wa kanzu. Alikunjua taratibu, akafunga kifungo, akalainisha nguo kwa kiganja. Kisha akamwambia daktari, si kwa hasira, "Mwanangu, wewe andika tu kwamba huyu mzee hajulikani ni nani."

Akainuka, akamshika mtoto mkono, wakaingia ndani kula.